Sifuri Iliyokosekana

Ukifika nyumbani kwake ukakaribishwa chai, usitegemee kikombe kujaa. Atamimina hadi chini kidogo ya ukingo, atasimamisha birika, atachungulia, kisha atakusogezea kikombe chenye nafasi ya kidole kizima juu. Mashemeji wamemsema kwa uchoyo mpaka wamechoka wenyewe. Mumewe amezoea, na akiwa na kiu ya kweli huomba vikombe viwili.

Kazini wanamwita Mama Sifuri. Jina hilo halihusiani kabisa na alama za shuleni, maana shuleni alikuwa moto wa kuotea mbali. Alibandikwa na fundi wa solda, mzee mmoja mcheshi anayeunganisha nyaya kwenye meza ya jirani, kwa sababu haikupita siku bila mama huyu kumuuliza mtu, "Sifuri umeweka?" Akipita nyuma ya kiti chako, sifuri. Ukiwa na kijiko mdomoni, sifuri. Fundi wa solda alikuwa akisema kwamba huyu mama hata akiota, anaota ameulizwa jina la mtoto wake akajibu "sifuri".

Sasa nieleze hiyo sifuri ni ya nini, maana bila hiyo hadithi yote hii haina miguu. Karakana yao hutengeneza pampu za dripu, visanduku vyenye ukubwa wa mkate vinavyosukuma maji ya sukari au dawa kutoka kwenye bomba la sindano kuingia mwilini mwa mgonjwa, polepole, kwa kasi aliyoandika daktari. Ndani ya kila kisanduku mna kompyuta ndogo isiyo na akili yoyote ila ile aliyoitia Mama Sifuri. Huiandikia programu kwa lugha ya zamani, ya chini kabisa, inayozungumza na chuma chenyewe. Ni lugha yenye mbio lakini haina adabu. Ukiiambia itenge chumba cha herufi thelathini na mbili kwa ajili ya jina la mgonjwa, itatenga. Ukiiletea jina la herufi arobaini, haitakwambia kwamba chumba kimejaa. Itaandika tu, na herufi zilizozidi zitaingia chumba cha jirani, na aliyekuwa amekaa humo shauri yake.

Tena lugha hiyo haijui neno linaishia wapi. Inaanza herufi ya kwanza na kusonga mbele, moja baada ya nyingine, mpaka ikutane na sifuri. Sifuri ndiyo inayoiambia: hapa ndipo mwisho, simama. Isipoikuta, itatoka nje ya neno na kuendelea kutembea kwenye vyumba vya watu.

Mama Sifuri alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwao. Alikuwa amepiga marufuku karakana nzima kutumia ile amri ya kunakili isiyopima. Mahali pake aliweka nyingine inayopima, unayoiambia, "Nakili, lakini ukifika thelathini na mbili, koma," nayo hukoma. Aliyeonekana na ile ya zamani alisemwa mbele ya watu hadi akatamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba pampu za karakana ile hazimwagi herufi. Yeye alijua kuliko wote, na balaa lilianzia hapo.

Siku moja fundi wa vifaa wa hospitali iliyo barabara ya pili alipiga simu. Katika wodi ya watoto wachanga, pampu moja ilikuwa imemsukumia mtoto maji ya sukari kwa kasi ya ajabu. Mtoto alinusurika, lakini ilibaki kidogo afe. Alitaka kujua kama mashine inaweza kufanya hivyo yenyewe. Hakumaliza hata kuuliza.

"Mashine zangu hazikosei," Mama Sifuri alimkata. "Muulizeni aliyebonyeza."

Aliyebonyeza alikuwa mdogo wake.

Wamezaliwa wawili tu. Mama yao alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na tangu mkubwa akiwa msichana wa sekondari ndiye aliyemsuka mdogo wake nywele, akamkagua kucha, akamsimamia masomo kwa ukali ambao majirani waliuona umezidi. Mdogo hakuwa mtoto wa kukagua sana. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wote: akifanya kosa alikuwa anakuja kujishtaki mwenyewe. Aliwahi kuvunja kioo cha taa hakuna mtu nyumbani, akakaa mlangoni na vipande viganjani hadi dada yake aliporudi, ili asije akadhani ni paka. Mtoto wa namna hiyo akikua atakuwa nesi au atakuwa hakimu. Yeye akawa nesi, wa watoto wachanga, na wenzake walimsifia mikono.

Jioni ya ile simu alikuja kwa dada yake bado amevaa sare. Alikuwa amesimamishwa kazi hadi kamati ya hospitali ikae.

"Dada, niliandika kile kile alichoandika daktari," alisema. "Na skrini ilionyesha hicho hicho mpaka mwisho, hata bomba lilipokuwa linakwisha mbele ya macho yangu. Sikugusa kitu. Nilimhamisha kitanda tu, nikabadilisha namba ya kitanda."

"Mdogo wangu, watu wanachoka. Mko wachache, watoto wengi. Labda kidole kiliteleza."

"Hakikuteleza."

"Basi niambie mashine iliamua nini? Ilikasirika?"

Mdogo wake alimtazama, akatazama kile kikombe cha chai chenye nafasi ya kidole juu, akasimama. Hakukinywa. Kule kwenye kamati, lile neno la "muulizeni aliyebonyeza" lilikuwa limekwisha kufika, tena limefika likiwa na jina la mtaalamu aliyelisema. Mama Sifuri alijua. Angeweza kulirudisha, au angalau kusema ngoja nitazame. Alisema moyoni kwamba upendo wa ndugu usiingie kwenye mambo ya kazi, na akajiona mtu mwadilifu. Mimi namwita mkaidi.

Asubuhi ya siku ya kikao, Mama Sifuri yuko mezani pake, mdogo wake akaingia karakana bila hodi. Alikuwa amevaa gauni la kwenda mbele ya watu, lakini miguuni ana kandambili, viatu viko kwenye mfuko. Macho yalikuwa mekundu.

"Nioneshe," alisema.

"Nikuoneshe nini?"

"Hiyo mashine isiyokosea. Wakinifukuza leo, sitashika mtoto wa mtu tena maisha yangu yote. Hakuna hospitali itakayonichukua. Nataka kwanza niione ikifanya sawa mbele ya macho yangu, kisha nitakwenda kuwaambia kwamba ni mimi."

Fundi wa solda aliweka chini chuma chake cha moto na kujifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mama Sifuri hakubisha. Alichukua pampu kutoka kwenye rafu, akatia bomba lenye maji, akaiwasha na kuandika kama alivyoandika mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka: jina, MGONJWA WA KWANZA. Kitanda. Kasi. Akabonyeza kitufe cha kukubali. Mota ikaanza ule mlio wake mdogo wa kukwaruza, na bomba likawa linasukumwa taratibu kiasi kwamba ungedhani limesimama.

"Sasa mhamishe kitanda," mdogo wake akasema.

Akabadilisha namba ya kitanda. Mlio ule ule. Akabadilisha tena. Ule ule.

"Umeona?" Mama Sifuri alisema, kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko ukali. "Mdogo wangu, nimekwambia..."

"Huyu Mgonjwa wa Kwanza ni nani?"

"Si mtu. Ni jina la majaribio tu."

"Wodini kwangu hakuna mtu anayeitwa hivyo." Alivuta kiti. "Wangu hawana majina, dada. Wengine hawajamaliza hata wiki duniani, wazazi wao bado wanabishana wawaite nani. Sisi tunawaandika kwa mama zao. Hebu nipishe."

Akafuta lile jina la majaribio na kuandika la mtoto wake, kwa vidole viwili, haraka, kama mtu aliyeandika hivyo kila siku: MTOTO WA PILI WA, kisha jina la mama, la babu na la ukoo. Maana yule aliyepatwa na mkasa alikuwa pacha, aliyemfuata mwenzake, na pale wodini huwa wanaandika majina yote matatu ya mama wasije wakachanganya watoto. Kabla hajamaliza jina la ukoo, skrini ilikataa kuongeza herufi. Mama Sifuri alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ndiyo ile amri yake inayopima, imefika thelathini na mbili ikakoma. Hivi ndivyo inavyotakiwa.

Mdogo wake akaweka kitanda, akaweka kasi, akabonyeza kukubali. Mota ikakwaruza polepole. Mama Sifuri akashusha pumzi, na kama angekuwa na moyo wa kusema kweli angekiri kwamba alishusha pumzi kwa ajili ya mashine, wala si kwa ajili ya aliyekaa kitini.

"Sasa namhamisha," mdogo wake alisema, na kuandika namba mpya ya kitanda.

Mlio ulibadilika. Ulipanda kutoka kukwaruza hadi kuunguruma, kisha ukawa filimbi nyembamba ambayo Mama Sifuri alikuwa ameisikia siku za kwanza tu, alipokuwa akijaribu mota inaweza kukimbia hadi wapi. Bomba lilikuwa likisukumwa unaliona. Maji yalitoka upande wa pili wa mpira wa dripu yakatiririka mezani, yakapita chini ya kibodi, yakaanza kudondoka sakafuni. Na skrini ilikuwa imetulia tuli, inaonyesha ile kasi ndogo ya daktari, kana kwamba hakuna kinachoendelea.

 Bomba lilipofika mwisho mota ilijigonga, ikalia, ikanyamaza.

 Mama Sifuri aliivuta kompyuta yake na kufungua programu mahali pa jina, baada ya kukosea mara mbili nywila ambayo ni siku ya kuzaliwa kwake. Fundi wa solda alikuja kusimama nyuma yake. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, wa mkono wake. Nakili jina, ukifika thelathini na mbili, koma. Chini yake: ongeza namba ya kitanda mwishoni mwa jina.

"Mama," fundi wa solda alisema taratibu, na safari hii hakutania, "sifuri iko wapi?"

Haikuwapo. Ile amri aliyoiamini, inayopima na kukoma, ina tabia moja. Jina likiwa fupi, inaweka sifuri mwisho. Jina likijaza chumba chote hadi ukutani, inakoma kama ilivyoambiwa, lakini sifuri inakuwa haina pa kukaa, na amri ile haikwambii. Inakuachia jina lisilo na mwisho. Ndipo mstari wa pili unapokuja kutafuta mwisho wa jina ili ubandike namba ya kitanda. Unapita jina lote hauoni sifuri. Unatoka nje. Unaingia chumba cha jirani, unakuta sifuri ya kwanza humo, na unabandika kitanda hapo hapo. Na jirani yake, kwa jinsi Mama Sifuri mwenyewe alivyovipanga vyumba, ilikuwa kasi ya dripu.

Wakati wa kumwandikisha mtoto uchafu huo ulikuwa unafutika, kwa sababu kasi inaandikwa mwisho, juu ya kila kitu. Lakini ukimhamisha kitanda baadaye, kasi inakuwa imeshaandikwa, na namba ya kitanda inakaa juu yake. Namba ya daktari inageuka kuwa namba kubwa isiyo na maana. Ule ukaguzi wa kuzuia kasi kubwa mno upo, naye ndiye aliyeuandika, tena vizuri, ila unafanyika pale tu nesi anapobonyeza vitufe vya kasi. Na skrini inaonyesha kilichobonyezwa. Kilichoingia kwa mlango wa nyuma haikiulizi.

Mtoto wa pekee, jina la mama yake mara nyingi lingeenea chumbani. Wale walioandikwa MTOTO WA PILI WA, hapana.

"Sikuiona," Mama Sifuri alisema. "Nimeipita kila siku, sikuiona."

Lakini mdogo wake hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ametazama ukutani, kwenye kalenda.

"Leo wanasugua sakafu," alisema.

"Nini?"

"Wodini. Leo ni siku ya kusugua sakafu. Wanasogeza vitanda vyote upande mmoja, wanaosha, kisha wanavipanga upya. Kila mtoto anabadilishiwa namba." Alikuwa ameshasimama. "Na kuna mapacha wapya, dada, wenzangu wameniambia, wako dirishani. Wa pili yuko kwenye pampu."

Mama Sifuri alinyakua simu na kupiga wodini. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena.

"Usijisumbue. Wakisugua sakafu wanaichomoa, wanaiweka juu ya kabati isilowe."

"Simu ya mkononi ya mtu yeyote!"

"Zimefungiwa nje, hakuna ruhusa. Twende!"

Wakatoka mguu niponye. Fundi wa solda alibaki akipigia mapokezi ya hospitali, na mapokezi wakamwambia asubiri, wakamuwekea muziki. Njia ile huwa ni mwendo wa kupiga soga, barabara moja na kona moja. Siku hiyo haikuisha. Mama Sifuri hakuwa amekimbia tangu alipoolewa, na hata huo mwaka wa harusi sijui alikimbia kwa lipi. Kifua kilimwaka. Mbele yake kandambili za mdogo wake zilipiga lami, moja ikakatika mkanda, akaitupa akaendelea na mguu mtupu, akaruka ngazi za hospitali, akaufuata ukumbi uliokuwa ukinuka sabuni na maji ya dawa.

Mlangoni mwa wodi mlinzi alinyoosha mkono.

"Sista, wewe samahani. Nina amri. Mpaka kikao kiishe."

"Kaka, kuna mtoto atakufa!"

"Nina amri, Sista. Usinitie matatizoni."

"Nenda wewe!" mdogo alimsukuma dada yake. "Pacha wa dirishani! Nenda!"

Mama Sifuri alipita chini ya mkono wa mlinzi. Kwa miaka yote ya kuandika programu za wodi ile, hakuwa ameingia humo hata siku moja. Hakutegemea watoto wawe wadogo hivyo. Vitanda vyao vya kioo vilikuwa vimesongamana upande mmoja, vingine vikirudishwa, sakafu nusu imelowa, nusu imekauka. Kule dirishani alimwona sista mkuu wa wodi, mwanamke mnene mwenye miwani, ameinama juu ya pampu na kidole chake kiko hewani.

"Usibonyeze!"

Nani asiyeshtuka mtu mgeni akipiga kelele wodini? Sista mkuu alishtuka, na kidole kilichokuwa hewani kikashuka.

Mlio ukapanda.

Mama Sifuri alifika pale. Alijua kila herufi iliyokuwa ndani ya kisanduku kile. Alijua ni chumba gani kimechafuka. Lakini mezani pake pampu hulala, na hapa ilikuwa imening'inizwa kwenye nguzo, imegeuziwa ukuta, nyaya zimeizunguka. Alipapasa kitufe cha kuzima akakipata, akabonyeza, haikuzima. Kitufe hicho lazima kishikiliwe kwa muda, mtu asije akaizima kwa bahati mbaya. Ni yeye aliyeamua hivyo. Akashikilia, kidole kikateleza kwa jasho, akaanza upya, na bomba lilikuwa linakwenda, linakwenda, na kwenye skrini ile kasi ndogo nzuri ya daktari imekaa tu inamtazama.

Mkono ukapita chini ya wake. Ulikuwa wa mdogo wake. Mlinzi alikuwa nyuma yake ameshika upande wa gauni lililochanika. Yeye hakuiangalia mashine kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mpira mwembamba karibu na mkono wa mtoto, akaukunja na kuubana kwa vidole, kisha akasukuma kile kibano chake kidogo cheupe hadi kikalia. Halafu akauchomoa mpira kutoka kwenye mashine.

Pampu ilipiga kengele ya onyo. Mdogo wake alikuwa ameshamwinamia mtoto.

"Sukari," alisema bila kugeuka, na sista mkuu, aliyekuwa na kila haki ya kumfukuza, alikimbia kuleta kipimo. Wakamchoma kisigino. Mtoto akalia, kilio chembamba cha hasira, na wote watatu wakakisikiliza kana kwamba ni hotuba. Walingoja kipimo. Sista mkuu akakisoma, akakisogeza karibu na miwani akakisoma tena.

"Iko juu kidogo," alisema. "Kidogo tu. Itashuka." Kisha akageukia pampu. Akatazama bomba lililokuwa karibu tupu. Akatazama skrini. "Lakini hapa inasema..."

"Ndiyo," mdogo alisema. "Na siku ile ilisema hivyo hivyo."

Mama Sifuri aliketi kwenye sakafu yenye maji.  Akalia hapo hapo, kwa sauti, mtu mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kikao hakikuahirishwa. Mama Sifuri aliingia gauni lake likiwa limelowa nyuma. Mwenyekiti wa kamati, daktari mzee asiyependa kupoteza muda, alikuwa ameshaelezwa na sista mkuu. Angeweza kuyamaliza kwa maneno matatu, lakini Mama Sifuri aliomba asimame.

"Mliletewa neno kwamba mashine haikosei," alisema. "Nilisema mimi. Kosa liko kwenye mstari nilioandika mimi, na huyu nesi hana kosa. Pampu zote zitolewe wodini sasa hivi, mtumie za zamani mpaka nitengeneze."

"Uliposema haikosei," mwenyekiti aliuliza, "ulikuwa umeipima?"

"Hapana."

"Ulijuaje?"

 Kila jibu alilolipata lilikuwa la aibu.

"Nilijiamini," alisema.

Walimrudisha mdogo wake kazini pale pale. Nje, kwenye benchi la ukumbini, alikuwa akivaa viatu vyake, mguu mmoja una damu. Mama Sifuri alisimama mbele yake asijue aweke wapi mikono.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilikwambia siku ile ile, dada."

"Uliniambia."

"Nilikwambia sikugusa kitu ila kitanda. Neno lenyewe ulikuwa nalo. Ungefungua tu programu hapo pa kitanda nilipokwambia, ungeliona usiku ule ule." Alifunga kamba ya kiatu kwa nguvu. "Mimi nilikuletea vipande vya taa, unakumbuka? Hukuwapo, hukuwa umejua, nikakuletea. Lini nimewahi kukudanganya?"

"Hujawahi."

"Basi mbona uliiamini mashine?"

 Mdogo wake alisimama.

"Nenda kazini," alisema. "Watoto wanahitaji pampu."

Alikwenda. Kutengeneza mstari wenyewe kulikuwa kazi ya kufumba na kufumbua: nakili pungufu kwa herufi moja, na nafasi ya mwisho weka sifuri kwa nguvu, jina liwe fupi au refu. Akakiondoa kitanda kwenye jina, kikapata chumba chake. Akaipeleka kasi mbali, na akaifanya mota ijiulize kila inaposukuma, je, hii bado ndiyo namba ya daktari? Kilichochukua muda ni kupitia kila mstari mwingine aliowahi kuuandika akijiamini. Mgonjwa wa Kwanza akastaafishwa. Siku hizi kila jaribio la karakana ile linaanza na MTOTO WA PILI WA, na jina la ukoo lisiloisha. Fundi wa solda bado anamwita Mama Sifuri, ila kwanza alimuuliza kama anaruhusu.

Pampu zilipokuwa tayari alizipeleka mwenyewe. Mdogo wake alimpokea wodini, akiwa na sare yake, akamsalimia kama anavyosalimiwa mgeni yeyote. Akachukua ya kwanza, akaiweka juu ya meza, akaandika jina refu kupita kiasi, la mama na bibi na ukoo wote. Akaweka kitanda. Akaweka kasi. Akabadilisha kitanda. Kisha akainama akaweka sikio kwenye kisanduku, na jicho kwenye bomba, akakaa hivyo muda mrefu.

Mama Sifuri alisimama kando ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Neno "niamini" lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Inakwenda sawa," mdogo wake alisema hatimaye.

"Jaribu tena," dada yake alisema.